Duara Limechorwa na Pepo Kapita: Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, mabishano mengi kuhusu duara la uchawi huanza na kilio kimoja: "Lakini mimi nilichora duara!" Pepo kashapita, kasisi yuko chini anavuja damu, na mchezaji anaona kadhulumiwa. Ukiisoma kanuni taratibu utakuta mara nyingi hakuna aliyemdhulumu. Aliliomba duara kazi ambayo halikuahidi kuifanya, au aliomba kazi sahihi kwa saa isiyo sahihi. Basi tuzichukue dalili moja baada ya nyingine. Ninafuata toleo la tano la mchezo huo, kwa kanuni za mwaka 2014; pale kanuni za zamani au za baadaye zinapobadilisha jibu, nitasema.

Kwanza, ahadi yenyewe

Magic Circle ni uchawi wa daraja la 3. Kuufanya kunachukua dakika 1, na unahitaji maji matakatifu au unga wa fedha na chuma wenye thamani isiyopungua sarafu 100 za dhahabu, ambao unateketea. Kinachotokea ni nguvu yenye umbo la pipa: futi 10 kutoka katikati hadi ukingoni, futi 20 kwenda juu, na alama zinazong'aa kila linapogusa sakafu au ukuta. Katikati yake pasiwe mbali nawe zaidi ya futi 10. Linadumu saa 1 bila kudai umakini wako, ile hali ya kushikilia uchawi mmoja tu kwa wakati mmoja ambayo kipigo kinaweza kuivunja. Unachagua aina moja au zaidi ya viumbe kati ya tano: viumbe wa mbinguni, viumbe wa moto, maji, hewa na udongo, feyi (viumbe wa kichawi wa ngano), mashetani, na wafu wanaotembea.

Kiumbe wa aina uliyochagua hawezi kuingia kwa hiari yake kwa njia ya kawaida. Akitaka kuingia kwa kutoweka hapa na kutokea pale, au kwa kuvuka kutoka ulimwengu mwingine, lazima kwanza ashinde mtupo wa dadu wa kujinusuru kwa Haiba, mojawapo ya sifa zake zenye namba. Akimshambulia aliye ndani, anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo. Tena hawezi kumroga, kumtisha wala kumpanda kichwani aliye ndani. Wakati wa kulichora unaweza pia kuligeuza: aliye ndani asitoke, na walio nje ndio wakingwe.

Hayo ndiyo yote. Hakuna mstari unaosema duara linazuia mishale, moto, radi au sumu. Kila dalili hapa chini inarudi kwenye maneno hayo machache.

Duara haliwaki kabisa

Hili ni jepesi. Angalia mfuko. Fimbo ya mchawi au alama takatifu ya kasisi inaweza kushika nafasi ya manyoya, majani na vikorokoro vingine visivyoandikiwa bei, lakini haishiki nafasi ya kitu chenye bei. Kama hakuna unga wa sarafu 100, hakuna duara. Kisha angalia saa: dakika moja ni raundi kumi za mapigano, na muda wote huo mchawi anatumia kila zamu yake kwa kazi hiyo huku akishikilia umakini. Akipigwa na umakini ukavunjika, uchawi unaharibika, ingawa nafasi yake ya daraja hilo, yaani moja ya akiba yake ya uchawi, haipotei. Kwa hiyo duara ni kazi ya kabla ya vita. Anayetaka kinga vita ikiwa imeshaanza atafute Protection from Evil and Good, unaofanywa kwa tendo moja na kumkinga mtu mmoja anayeguswa.

Kuna pia wanaochukua Teleportation Circle kwa sababu ya jina tu. Huo ni mlango wa safari wa daraja la 5. Haumzuii yeyote.

Kiumbe kaingia kana kwamba hakuna kitu

Hapa sababu ni nyingi, na mpangilio wa kuzikagua una maana.

Anza na aina. Duara halimjui binadamu, "elf" wala mfuasi wa dini ya giza mwenye kisu mkononi. Hao wote wanaingia watakavyo. Halimjui joka, jitu, wala wale viumbe wa kutisha wenye minyiri mdomoni wanaokula ubongo, kwa sababu wamewekwa kwenye aina nyingine kabisa ambayo haimo katika zile tano. Mtu mwenye damu ya kishetani, tiefling, naye ana pembe na mkia lakini kwa kanuni za 2014 ni wa jamii ya kibinadamu. Anapita. Mchezaji anayechagua aina kwa kutazama sura atakosea. Amwombe mwendesha mchezo nafasi ya kutupa dadu ya elimu ya uchawi au ya dini kabla hajamwaga unga.

Wengine husema: kwani si uchague zote tano? Unaweza, na haiongezi gharama. Lakini kumbuka nani yuko upande wako. Bundi au paka aliyeitwa kwa Find Familiar anahesabiwa kuwa wa mbinguni, feyi au shetani, si mnyama. Farasi wa paladini aliyeitwa kwa Find Steed vivyo hivyo. Duara la aina zote tano litamwacha bundi wako nje, na mchezaji atadhani ni kosa la mwendesha mchezo. Si kosa, ndivyo duara linavyofanya kazi.

Pili, hiari. Kanuni inasema hawezi kuingia kwa hiari. Akisukumwa, akivutwa kwa kamba au akirushwa na upepo, ataingia. Nimeona kikundi kikijenga kinga nzuri, halafu mpiganaji wao mwenyewe akamsukuma mzuka kwa ngao kuelekea ndani. Mzuka alikuwa na haki zote za kubaki humo, kwa sababu duara la kinga halimtoi aliyekwisha kuingia.

Tatu, mwelekeo. Mchawi aseme kwa sauti, "linazuia kuingia" au "linazuia kutoka", na liandikwe kwenye karatasi. Ukiwa umeligeuza na bado umesimama ndani pamoja na kiumbe, umejifungia naye na huna kinga yoyote.

Nne, kuna viumbe ambao uchawi wenyewe hauwashiki. Mfano ulio wazi kabisa ni rakshasa. Ni shetani, kwa hiyo kwa aina anafaa kuzuiwa. Lakini uchawi wa daraja la 6 kushuka chini haumwathiri isipokuwa apende mwenyewe. Atavuka duara la kawaida akitabasamu. Kumzuia inabidi mchawi atumie nafasi ya daraja la 7, na hapo duara linahesabiwa kuwa la daraja hilo na kudumu saa 5. Wachezaji hawatalijua hili kwa kukisia. Kama mwendesha mchezo unataka kumleta rakshasa, weka dokezo mahali fulani: mwanazuoni anayehadithia, ukurasa uliochanika, kaburi la mchawi aliyejaribu. Kumwacha apite bila dokezo lolote kunawafundisha wachezaji kwamba kujiandaa ni kazi bure, na hilo litaiumiza kampeni kwa muda mrefu.

Yuko nje, na bado tunaumia

Ndivyo ilivyo. Duara ni chandarua: mbu haingii, lakini ukiegemeza mkono kwenye wavu atakuuma kupitia humo humo. Kiumbe anasimama nje ya ukingo na kumpiga aliye karibu na ukingo. Anatupa dadu mbili na kuchukua ndogo, ila akipata, kapata. Dawa yake ni nafasi. Simama katikati kabisa, futi 10 kutoka kila upande, ili anayefika futi 5 asikuguse.

Hapa ramani inasaidia kuliko maneno. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba uwe futi 5. Weka kitovu kwenye makutano ya mistari. Ukihesabu kila mraba linaougusa, duara linashika miraba minne kwa minne, kumi na sita kwa jumla. Miraba minne tu ya katikati ndiyo isiyogusa ukingo. Kikundi cha watu sita hakitoshi hapo. Wawili lazima wakae pembeni, na ni vizuri waamue mapema ni akina nani. Mikeka ya miraba ipo madukani, ila vizibo vya soda kwenye daftari vinafanya kazi ile ile.

Uchawi wa eneo ni jambo jingine. Mpira wa moto hautupi dadu ya kushambulia. Walio ndani ndio wanaotupa dadu za kujinusuru. Kwa hiyo ule upungufu wa dadu mbili haumgusi mrushaji hata kidogo. Kikundi kilichojibana ndani ya miraba kumi na sita ni zawadi kwa adui mwenye moto. Kama mnajua anayekuja anarusha moto, duara peke yake ni mtego wenu wenyewe. Tafuteni ukuta, mlango, au mtawanyike.

Aliyefungwa ndani katoka

Duara lililogeuzwa ndilo linalovunja mioyo zaidi, kwa sababu linafanywa kwa maandalizi makubwa na wachezaji wanaliwazia kama gereza. Maswali ya kuuliza ni matatu: alitokaje, alisaidiwa na nani, na saa ngapi.

Tuchukue balor, yule shetani mkubwa wa moto, na tumfanyie hesabu wazi. Mchawi wa ngazi ya 17 mwenye Akili 20 anaweka kizingiti cha 19, namba ambayo mtupo wa kiumbe lazima uifikie. Balor anajumlisha 12 kwenye mtupo wake wa Haiba, basi anahitaji 7 au zaidi kwenye dadu ya pande ishirini. Mtupo mmoja ungemshinda mara 30 kwa 100. Ila balor ana ukinzani dhidi ya uchawi: anatupa dadu mbili na kuchukua kubwa. Sasa anashindwa mara 9 tu kwa 100. Na ana uwezo wa kutoweka na kutokea umbali wa futi 120 kwa tendo lake la kila zamu. Kwa maneno mengine, duara hilo litamzuia balor kwa sekunde sita, ukiwa na bahati. Mchezaji akikuuliza mapema kama atashikika, mhusika wake wa ngazi hiyo anastahili kujua jibu. Mwambie.

Je, kuna dawa? Uchawi wa Mordenkainen's Private Sanctum, daraja la 4, unazuia kabisa kutoweka na kutokea, kuingia hata kutoka, bila mtupo wowote. Tatizo ni mpangilio: unafanywa kwa dakika 10, na unazuia pia kuvuka kutoka ulimwengu mwingine. Ukiutanguliza, huwezi kumwita kiumbe aje ndani yake. Ukiuchelewesha, ana dakika kumi za kujaribu kutoroka. Unafaa kwa shetani ambaye tayari yuko duniani na unaweza kumvuta aingie kwa miguu yake: jumba lililoandaliwa, duara lililogeuzwa sakafuni, na chambo katikati. Duara lililogeuzwa halimzuii kuingia, linamzuia kutoka, kwa hiyo mtego wa namna hii unakwenda sawa kabisa na kanuni. Na ni mchezo mtamu kuliko kumwita hewani, kwa sababu wachezaji wanapanga kikao kizima.

Wa pili ni glabrezu, yule mwenye mikono minne, miwili ikiwa na magando. Huyu hana haja ya kutoweka. Ana uwezo wa kufanya Dispel Magic, unaofuta uchawi mwingine, kila apendapo, na hakuna neno katika duara linalomkataza aliye ndani kufanya uchawi. Duara lililofanywa kwa nafasi ya daraja la 3 linazimika mara moja bila dadu. Ukitumia nafasi ya daraja la 4, anahitaji kufikia 14. Anajumlisha 4, basi 10 kwenye dadu inatosha. Hiyo ni mara 55 kwa 100, na zamu inayofuata anajaribu tena. Kuongeza daraja peke yake kunachelewesha tu. Njia iliyo imara zaidi ni kumziba mdomo: Silence unaosimikwa katikati ya duara unaenea futi 20 kila upande na kumnyima maneno ya uchawi. Mambo mawili yaangaliwe. Unadumu dakika 10 na unadai umakini, kwa hiyo saa nzima ni mara sita, na mfanyaji wake lazima awe mtu mwingine. Na yule anayefanya kazi ya kumfunga (Planar Binding, tunaufikia hapa chini) asimame nje ya futi hizo 20, asije akanyamazishwa na yeye.

Halafu kuna wasaidizi. Mfuasi wa kibinadamu anaingia duarani bila kizuizi, anamshika bwana wake na kumburuta nje. Kubebwa kwa nguvu si kutoka kwa hiari. Kama mwendesha mchezo unaona ni ujanja kupita kiasi kiumbe kukubali kuburutwa, sema kabla: akikubali, ni hiari. Mimi ndivyo ninavyoamua, na sijaona mchezaji akilalamika pale uamuzi unapotangulia tukio.

Uchawi wa kumfunga haujakamilika na kiumbe keshatoka

Hili ndilo kosa la saa, na ndilo linalowakumba hata wachezaji wazoefu. Planar Binding, daraja la 5, unamfunga kiumbe wa mbinguni, wa moto, maji, hewa au udongo, feyi au shetani akutumikie kwa saa 24. Kito cha sarafu 1,000 kinateketea. Kuufanya kunachukua saa 1 nzima, na kiumbe lazima awe ndani ya futi 60 muda wote huo.

Weka saa mezani. Dakika ya sifuri, duara limekamilika. Dakika ya 1, kiumbe kaitwa. Dakika hiyo hiyo unaanza kumfunga. Dakika ya 60, duara la daraja la 3 linazimika. Dakika ya 61, ungemaliza. Kati ya hizo mbili kuna dakika moja, yaani raundi kumi, ambamo kiumbe mwenye hasira yuko huru na wewe umekaa chini na kito mkononi. Tiba ni rahisi: duara lifanywe kwa nafasi ya daraja la 4, lidumu saa 2. Yeyote anayepanga kufunga asikubali duara la saa moja.

Umakini ndio mtego wa pili. Uchawi wowote unaochukua zaidi ya tendo moja kuufanya unadai umakini hadi ukamilike kufanywa. Conjure Elemental, uchawi wa kumwita kiumbe wa moto, maji, hewa au udongo, nao unadai umakini ili kiumbe akutii. Mtu mmoja hawezi kushikilia vyote viwili. Anapoanza kufunga, utii unakatika, na yule kiumbe wa moto anageuka adui hapo hapo. Hapotei, anabaki hadi saa 1 itimie tangu alipoitwa. Ndiyo maana duara lililogeuzwa lazima litangulie, na kiumbe aitwe ndani yake na si pembeni. Kisha mchawi arudi nyuma. Kufunga kunafika futi 60. Hakuna sababu ya kukaa ukingoni pa duara. Akikaa futi 30, kiumbe asiye na silaha ya kurusha hana la kumfanya. Akipigwa akapoteza umakini, kazi ya saa nzima inaharibika. Nafasi ya daraja inabaki, na kwa maoni yangu kito nacho kibaki, kwa kuwa uchawi haukufanyika.

Ukiangalia kwa makini utaona tatizo la tatu. Kiumbe anapotea saa 1 baada ya kuitwa. Kufunga kunaisha saa 1 baada ya kuanza. Hata ukianza papo hapo, mambo yote mawili yanaangukia dakika ya 61. Kanuni haisemi lipi linatangulia. Meza inayosoma kwa ukali itasema kiumbe kaondoka. Mimi naona kitabu chenyewe kinataja duara lililogeuzwa na kiumbe aliyeitwa ndani yake kuwa ndiyo njia ya kawaida ya kufanya kazi hii, kwa hiyo kuifanya isiwezekane ni kwenda kinyume na kilichokusudiwa. Mpe mchawi aliyeanza bila kuchelewa hata raundi moja. Akichelewa, kiumbe kaenda. Uamuzi huo unaifanya kila sekunde iwe na uzito, na wachezaji wanakaa wima.

Anayetaka kuepuka saa kabisa, na mwenye ngazi ya kutosha, atumie Gate wa daraja la 9 na almasi ya sarafu 5,000. Anamtaja kiumbe kwa jina lake, mlango unafunguka, na kiumbe anavutwa kuja kwa mwili wake. Hana muda wa kuisha. Hana pia utii wowote kwako, na hao unaowaita kwa majina mara nyingi ni wale wanaotoka duarani kama balor wa hapo juu.

Mimi salama, wenzangu wameraruliwa

Hii ni dalili ya duara jingine, lile la damu. Summon Greater Demon, daraja la 4, ulitolewa katika kanuni za nyongeza za mwaka 2017. Unahitaji damu ya mtu aliyeuawa ndani ya saa 24, na mchawi anaweza kuimwaga chini kujizungushia. Pepo hawezi kuivuka, kuiharibu, wala kumlenga aliye ndani. Ila inazunguka nafasi ya mchawi tu. Wenzake hawamo.

Kila mwisho wa zamu yake pepo anatupa dadu ya Haiba. Akishinda mara moja, utawala umekwisha kwa muda wote uliobaki, na anamfuata aliye karibu asiye pepo. Mchawi hagusiki, basi aliye karibu anakuwa mpiganaji wenu. Uchawi huu unafika futi 60: mweke pepo katikati ya maadui, wenzako wawe nyuma yako, mbali. Kama unalijua jina lake la kweli, litaje, naye atatupa dadu mbili na kuchukua ndogo. Na ukiona mambo yameharibika usikimbilie kuachia umakini ukidhani atatoweka. Aliyekwisha kuwa huru anabaki raundi 1 hadi 6 zaidi, kwa dadu ya pande sita.

Kafungwa vizuri, na bado anatuharibia

Planar Binding unamlazimisha kufuata maneno, na kiumbe mwenye uadui anayapinda maneno hayo kadiri awezavyo. Mchawi anasema, "Linda mlango huu, asipite mtu." Jioni mchawi mwenyewe anarudi, na kiumbe anamzuia, kwa kuwa naye ni mtu. Dawa ni kuandika amri kwenye karatasi kabla ya kuitamka, na mwenzako aisome akijifanya adui: "Mimi nikitaka kukuumiza kwa maneno haya, ningefanya nini?" Taja nani anaruhusiwa, hadi lini, na afanye nini akishindwa. Mwendesha mchezo naye apinde kwa haki. Upindaji mzuri ni ule ambao mchezaji akirudia maneno yake anaona tundu lilikuwa pale.

Mbona kwenu mguu ukikanyaga mstari duara linakufa?

Swali hili huja na mchezaji aliyetoka kwenye kanuni za toleo la tatu la mwaka 2000 au Pathfinder ya 2009. Kule duara la kufungia lilikuwa unga wa fedha uliomwagwa chini. Mstari ukikatwa, nguvu inaisha. Aliyefungwa hawezi kuugusa wala kwa njia ya kuzunguka, ila mtu mwingine anaweza. Toleo la tano lina alama zinazong'aa, na hakuna kitu cha kufuta kwa kiatu. Mimi naupenda ule mstari wa unga. Unampa mtoto wa mfalme aliyerogwa, paka, au tone la maji kutoka darini kazi kubwa katika hadithi. Meza ikikubali, urudisheni. Usitangazwe katikati ya tukio, kwa sababu hapo aliyelipa sarafu 100 na saa nzima ya maandalizi ana kila haki ya kukasirika.

Mfululizo wote hapo juu haufanyi kazi tena

Basi angalia mwaka wa kitabu. Katika kanuni za 2024, Conjure Elemental umebadilishwa: badala ya kiumbe kamili mwenye takwimu zake, unaleta roho isiyoshikika inayokaa mahali ulipochagua na kuwaumiza walio karibu. Hakuna kiumbe wa kufunga hapo. Meza inayochanganya vitabu iseme wazi ni toleo la mwaka gani la kila uchawi linalotumika, na mchawi aandike mwaka huo pembeni mwa jina la uchawi kwenye karatasi ya mhusika wake.